Versys 650 kama pikipiki yako ya kwanza kubwa: miezi saba kati ya Nakuru na Kisumu

Wacha nianze na aibu ndio tumalizane nayo. Siku ya tatu nikiwa na hii pikipiki niliingia petroli stesheni moja njia ya Njoro, vijana wa boda kama wanane wamekaa kwa kivuli, wote kimya wanaangalia mchuma. Nikasimama vizuri kabisa, nikashusha mguu wa kushoto, na hapo chini palikuwa na kale kamteremko ka kupitisha maji, mguu ukatafuta simiti ukakosa. Sikuanguka na spidi, hapana, ni kule kulala polepole kama ng'ombe amechoka, unaishikilia, unaishikilia, halafu unajua tu imeenda. Kilo 216. Mmoja akasema "pole boss", wengine wakageuka kando ndio wacheke, angalau wana heshima.

Naanza na hiyo ju kabla ninunue nilikuwa nimetazama karibu kila mtu ameongea juu ya hii Kawasaki na wote ni spidi, spidi, inafika ngapi. Mimi nimetoka kwa Boxer 150, miaka sita, miwili kati ya hiyo nikibeba watu stage ya Section 58, kwa hivyo kwa akili yangu mimi si mtu wa kufunzwa pikipiki. Kumbe shida ya pikipiki kubwa haiko kwa 120. Iko kwa sifuri. Ikishaanza kutembea inajibeba yenyewe na hata unasahau ni nzito, lakini ikiwa inasimama, inageuka kwa parking, inarudi nyuma ama iko kwa maramu yenye changarawe, hapo ndio unajua wewe ni mgeni.

Kwa wale hawaijui, yangu ni ile modeli ya kuanzia 2015, injini 649cc, silinda mbili, inapozwa na maji, gia sita, ABS (ile ya kuzuia tairi isifungike ukishika breki), tenki lita 21. Nguvu za farasi karibu 69. Boxer yangu ilikuwa na kama 12, piga hesabu. Kiti kiko sentimita 84 kutoka chini na mimi ni mtu wa futi tano na inchi saba, so miguu yote miwili ikiwa chini nasimama na vidole kama mtu anachungulia ukuta wa jirani. Dawa yake nimeikuja kujua baadaye: usijaribu kushusha yote miwili. Unasukuma makalio kidogo kushoto, mguu wa kushoto unakanyaga mzima, wa kulia unabaki kwa breki ya nyuma, na kabla usimame unaangalia pale mguu utakanyaga. Hako kakitu ka kuangalia chini mapema hakuna mtu hukuambia.

Mwenye aliniokoa ni mzee mmoja wa Lanet, jirani ya shemeji yangu, aliendesha pikipiki kubwa za kazi miaka mingi. Nilimpata nikidhani atanifunza kona. Akanipeleka kwa kiwanja kitupu, akapanga mawe sita, akaniambia nizunguke katikati yake bila kuweka mguu chini.

"Mzee, lakini hii kuendesha naijua."

"Unajua Boxer, kijana. Hii bado hamjasalimiana."

Jiwe la pili nikaweka mguu chini. La tatu nikaangusha. Hakuja hata kunisaidia, akakaa kwa ndoo yake akaniambia niiinue mwenyewe, na vile ya kuiinua ndio hii, kariri: zima injini, kama imelalia kulia toa stendi kabisa ndio isikuje kuanguka upande ule mwingine, weka gia ya kwanza isiteleze, piga usukani mpaka mwisho kuelekea pale imelala, halafu igeuzie mgongo. Makalio kwa kiti, mkono mmoja kwa usukani, ule mwingine kwa chuma ya kushikia abiria, mgongo nyooo, unatembea kurudi nyuma hatua ndogo ndogo. Miguu ndio inafanya kazi. Nilikuwa nimejaribu kuiinua na mikono pale petroli na nikaumwa kiuno wiki nzima.

Siri ya mawe ilikuwa klachi. Kwa Boxer mimi nilikuwa naachilia klachi yote nacheza na mafuta. Hapa ukifanya hivyo kwa spidi ya kutembea inakurusha ama inazima, na ikizima katikati ya kugeuka imelala. Unashika klachi nusu, pale inaanza tu kuvuta, mafuta unaweka kidogo na hugusi tena, na spidi unaipunguza na breki ya nyuma pekee. Ya mbele usiiguse ukiwa umepinda usukani, hiyo peke yake ndio iliniangusha jiwe la tatu. Na macho. "Angalia pale unaenda, ukiangalia jiwe utaligonga." Nilidhani ni maneno ya wazee, nikaangalia jiwe, nikaligonga.

Nilienda huko Jumamosi nne. Siku ya mwisho nikazunguka mawe yote mara tatu na mzee akasema "sasa unaweza kwenda kuuliwa na lori kama wengine", ndio vile yeye husifu mtu.

Breki nazo ni shule yake. Boxer yangu ilikuwa dramu mbele na nyuma na sisi watu wa boda tumezoea kukanyaga ya nyuma, ya mbele tunaiogopa kama mchawi. Kwa hii ukikanyaga ya nyuma peke yake inakuchelewesha vibaya, ju ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele na tairi ya nyuma inabaki nyepesi haina la kushika. Ya mbele ndio inasimamisha. Lakini huigongi, unaifinya, kwanza kidogo uzito ufike mbele halafu unaongeza. ABS iko na imenisaidia mara moja, punda alitoka kwa mahindi njia ya Rongai, nikasikia kidole kinapigwapigwa na lever trrrr na pikipiki ikasimama imenyooka. Na Boxer ningekuwa nimelala na huyo punda.

Sasa barabara. Kazi yangu hunipeleka Kisumu kila wiki mbili, kilomita 180 na kitu hivi kupitia Kericho, na hapa ndio naipenda hii kitu mpaka basi. Kupanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan na Boxer ilikuwa ni kukaa kwa ukingo wa lami umejikunja trela zikikupita na ule upepo, unaomba tu. Na hii unangoja uone mbele ni safi, unashusha gia moja, na trela imebaki nyuma. Injini chini ni mpole sana, haikuaibishi kwa foleni, ukipitisha mizunguko elfu tano hivi kwa dakika ndio inaamka. Kwa mgeni hiyo ni baraka ju ukiteleza mkono kidogo haikurushi kwa ukuta.

Ubaya wake ni kwamba inadanganya. Unaona ni kama unaenda 80 na ukiangalia ni 115. Mara ya kwanza nimeshuka kutoka Mau Summit nikafika Londiani Junction nikiwa na moto sana, na hapo ndipo lori liliacha barabara tarehe 30 Juni 2023 na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha, kina mama wa kuuza pembeni na abiria wa matatu. Nikaona zile meza za biashara zimerudi hapo kando, nikaona spidi yangu, nikajisikia mjinga. Siku hizi nikifika hapo niko 40.

Kericho beba nguo ya mvua hata kama Nakuru jua limewaka, mchana hapo hunyesha bila kupiga hodi. Kutoka Kapsoit ukishuka joto linaanza, ukifika Ahero unatamani kutoa jaketi na usitoe. Kisumu yenyewe pikipiki haifurahii, feni inawaka Kondele na hewa yote ya moto inakuja kwa mapaja, na ukiwa na yale masanduku mawili ya pembeni wewe si boda tena, upana wako ni wa tuktuk. Nilisahau hiyo nikijipenyeza katikati ya matatu mbili, sanduku likashika bampa ya mmoja. Konda alinitukana Kijaluo na Kiswahili na nikakubali yote, omera alikuwa na haki.

Mafuta, ju najua ndio swali la kwanza la kila stage. Nikienda pole napata kama kilomita 22 kwa lita, nikikimbizana inashuka 18. Tenki moja inanipeleka Kisumu na kunirudisha Nakuru bila kuomba. Si Boxer, lakini si gari pia. Cheni ni ya kupaka oili kila kilomita 500 hivi, na mapema zaidi kama umenyeshewa, usipuuze.

Tairi ndio zilikaribia kuniua na hapo kosa si la pikipiki. Ilikuja na tairi imeisha nikanunua "mpya" kwa duka moja mjini, jina naliacha. Zinang'aa, vile vinywele vya mpira bado viko. Wiki hiyo hiyo mvua kidogo, roundabout, spidi ya bibi harusi, tairi ya nyuma ikatoka tu. Nilibaki juu sijui aje. Fundi akanionyesha namba nne mwisho wa ile laini inaanza na herufi DOT pembeni ya tairi: 2314. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira umekaa dukani mpaka umekuwa mbao. Nikarudi, wakaniambia bidhaa ikishatoka haipokelewi. So kabla ulipe chochote piga magoti pale dukani usome hizo namba, wakikuangalia vibaya wacha wakuangalie.

Je, mtu anaanza achukue hii? Kama hujawahi endesha pikipiki hata siku moja, hapana, nunua ndogo mwaka mmoja uangushe hiyo. Kama umetoka kwa 150 na una mtu wa kukufunza, ndio, na usikubali wale wanakuambia "enda tu 1000cc moja kwa moja utazoea". Uingereza mwenye leseni ya A2, ile ya pikipiki za kati, haruhusiwi kupita kilowati 35 na hii iko kama 51, yaani hata hii wangeipunguza nguvu kwanza ndio wampe. Mimi leseni yangu niliipata nikizunguka na kapikipiki kadogo ka shule, na hiyo hiyo ndio inaniruhusu kupanda hii. Hakuna mtu alinishika mkono. Pesa ya kununua ningepata Probox, mke wangu hunikumbusha hiyo kila mvua ikinyesha.

Nimeipatia nane kwa kumi. Moja nimetoa kwa kimo cha kiti, ingine nimetoa ju kioo cha mbele kinapandishwa na kushushwa kwa kufungua zile nobu mbili za kuzungusha na mikono, na ukiwa na glavu kubwa ni vita.

Nimeiangusha mara tano, zote nikiwa nimesimama ama natembea spidi ya kuku. Mara ya mwisho ni mwezi jana nyumbani kwa geti, mtoto akatoka akauliza "Baba, tena?"

Sasa tairi ile ya nyuma inaelekea kuisha, saizi ni 160/60 inchi 17. Mwenye anajua mahali naweza pata ya mwaka huu, Nakuru ama Kisumu, aniambie, na tafadhali akuwe ameisoma namba yeye mwenyewe.