Programu ya majina ya watoto: nimeipima kwa jina moja tu, Zoe

Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili katika hizo ni za ukurasa wa maana ya jina. Programu za simu za kutafutia majina ya watoto zimejaa siku hizi, nyingi zinanakiliana hadi makosa. Hii alinitumia wifi yangu, mjamzito, ambaye ameng'ang'ania Zoe endapo mtoto atakuwa wa kike. Badala ya kurukaruka majina, nikaamua kuibana kwa hilo hilo.

Maana imeandikwa kwa kifupi: ni jina la Kigiriki, maana yake uhai. Sawa kabisa. Kilichonifurahisha ni aya ndogo iliyo chini yake, inayomhusu Hawa. Wayahudi wa Aleksandria walipoifasiri Torati kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, walifika Mwanzo 3:20, pale Adamu anapompa mkewe jina kwa kuwa ni mama yao wote walio hai. Hapo hawakuandika Hawa, waliandika Zoe. Sura ya nne wakarudia matamshi ya Kiebrania, wakaandika Eua. Jambo hilo silioni mara nyingi kwenye programu za aina hii, kwa hiyo hapa kuna mtu aliyekaa akasoma.

Kwenye historia, mtu huyo nadhani alikuwa likizo. Kuna mstari mmoja: malkia wa Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki), karne ya 11. Jamani! Mwanamke aliyeolewa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 50 hivi, mwaka 1028, anapewa mstari mmoja? Mume huyo, kaisari Romanos III, alifia kwenye bwawa la kuogea mwaka 1034, na kabla hata ya matanga Zoe akaolewa na Michael IV. Huyo naye akafa, akatawala mtoto wao wa kupanga, Michael V, aliyempeleka mama yake uhamishoni mwaka 1042. Watu wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, wakaingia barabarani hadi Zoe akarudishwa, akatawala pamoja na dada yake Theodora kwa muda mfupi, kisha akaolewa tena, mara ya tatu, na Constantine IX. Mwanahistoria Michael Psellos, aliyeijua ikulu ile kwa ndani, anaeleza jinsi vyumba vya malkia vilivyogeuzwa karakana ya manukato, mioto ikiwaka hata wakati wa joto. Na ukifika Hagia Sophia, kanisa la kale la Istanbul ambalo sasa ni msikiti, utamwona kwenye mozaiki (picha ya vipande vidogo vidogo) ya ghorofa ya juu, mumewe upande wa pili wa Kristo. Vichwa vimefanyiwa marekebisho na jina la mume limeandikwa upya, maana waume walibadilika kuliko ukuta. Ukurasa wa historia usio na hata kimoja cha hivyo ni wa nini?

Hata Zoe Palaiologina hayumo, yule aliyeolewa na Ivan III wa Moscow mwaka 1472 na huko akajulikana kama Sophia.

Tuje kwenye grafu ya umaarufu, ambako ndiko tulikogombana. Wifi aliifungua sehemu ya Uingereza, akaona mstari unateremka, akanipigia: "Wifi, mbona jina lenyewe linachuja?" Nikamwambia aangalie grafu inaanzia wapi. Inaanzia 1996, kwa sababu orodha kamili za mwaka kwa mwaka za Uingereza na Wales zinaanzia hapo. Zoe lilivuma huko miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo grafu inakuonyesha mteremko bila kilima. Neno moja la tahadhari chini ya mchoro lingetosha.

Sehemu ya Marekani ina tatizo jingine. Takwimu za kule zinafika nyuma hadi 1880, lakini kila namna ya kuandika inahesabiwa kama jina la peke yake. Zoey lililipita Zoe mwanzoni mwa miaka ya 2010, na programu inayaonyesha kama majina yasiyojuana. Mzazi anayeogopa darasa lenye Zoe watatu anatakiwa ajumlishe mwenyewe. Halafu Zoë, lenye vitone viwili juu ya e, ukiliandika kwenye kisanduku cha kutafutia unaambiwa halipo. Bila shaka halipo: orodha ya Marekani haichukui alama za juu ya herufi. Lakini vitone hivyo vina kazi, vinamwambia msomaji e itamkwe. Sisi tunaotamka kila irabu hatuvihitaji, ila cheti cha mtoto kinaweza kuvibeba.

Sauti ya matamshi ni ya Kiingereza tu, "Zo-wi" lenye mkazo mwanzoni. Wagiriki wenyewe wanasema "Zo-I", mkazo mwishoni. Kwenye jina lililoorodheshwa kuwa la Kigiriki, kitufe cha pili kisingemuua mtu.

Matangazo yanakera, yanatokea kila ukibadilisha ukurasa, na kipima joto cha mtoto nimeshaonyeshwa hadi nakijua rangi zake zote. Kalenda ya siku za majina, hata hivyo, ni nzuri kuliko nilivyotegemea: kwa Zoe imeweka tarehe 18 Desemba, sikukuu ya mfiadini Zoe kwa Waorthodoksi. Wifi anatarajia kujifungua mwezi huo huo, na sasa hakuna wa kumtoa kwenye Zoe.