Kisu tena, au nisukume?

Uzazi wangu wa kwanza uliishia kwenye kisu. Sasa nina mimba ya pili hapa Newala, na mama mkwe anauliza nitazaaje.

Kwa njia ya kawaida unapona upesi, na kati ya wanawake 100 wanaojaribu baada ya upasuaji mmoja, 60 hadi 80 hufaulu. Lakini kovu la mfuko wa uzazi laweza kuchanika, takriban mara 1 katika 200, na hapo kila dakika ni uhai. Basi si zahanati wala nyumbani: ni hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, tena usogee karibu nayo kabla uchungu haujaanza.

Upasuaji wa kupangwa hupunguza sana hofu hiyo. Ila kila kovu jipya huongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye mfuko wa uzazi katika mimba zijazo, nami nataka watoto wanne. Daktari akithibitisha kovu la mfuko wangu wa uzazi ni la mlalo, lisilochanika upesi kama la wima, nitasukuma.