Uzoefu wangu: Archives, Jamhuri Dei na makumbusho ya Nairobi (natokea Moshi, nasoma hapa)

Ukiishi Nairobi kila mtu anakwambia "tupatane Archives", yaani lile jengo la nyaraka za taifa la Kenya, na mimi mwaka mzima nimesimama pale nje, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, nasubiri watu, na haikuwahi kunijia kichwani kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia ndani. Nilijua ni ya wasomi wa mafaili. Sasa kuna siku mwezi wa kumi na moja rafiki yangu kachelewa, mvua ikashuka ile ya kweli, nikaona bora niingie.

Jamani. Chini pale kabla hujafika kwenye nyaraka kuna Murumbi Gallery, na nililipa hela ambayo haifiki bei ya chipsi kuku. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, 1966, akakaa miezi michache tu akajiuzulu, mama yake Mmaasai baba yake Mgoa, na maisha yake yote alikuwa anakusanya vitu vya Afrika: vinyago, nguo, mapambo, vitabu, mpaka stempu. Kulikuwa na mzee mmoja anahudumia pale, nikamwamkia shikamoo, akacheka kwa furaha, "marahaba mwanangu, wewe ni wa Tanzania eeh", basi akaacha alichokuwa anafanya akanizungusha. Akaniambia nisikimbilie kusoma kibao, niangalie kwanza kitu chenyewe mkono wa mwenyewe ulikuwa unashika wapi. Akanionyesha kigoda, pale katikati mti umelainika kabisa, kuna mtu alikalia miaka na miaka. Nilikaa pale masaa mawili, rafiki yangu akaja akanikuta bado naangalia, nikamwambia ngoja.

Halafu ikaja Jamhuri Dei, 12 Desemba. Kwetu uhuru ni tarehe 9, kwa hiyo siku tatu kabla nilikuwa nimekaa hostel peke yangu naangalia sherehe za nyumbani kwenye simu na roho inauma kidogo, nikaapa hii ya Wakenya naenda mwenyewe. Tukatoka alfajiri bado giza, matatu ya Lang'ata imejaa watu wamevaa bendera, mpaka Uhuru Gardens, palepale bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa 1963. Kiingilio bure. Gwaride zuri, ndege zikapita juu watoto wakapiga kelele, hotuba ndefu sitasema mengi, ila ngoma! Waluhya wakapiga isukuti mpaka ardhi unaisikia kwenye nyayo, na mama mmoja jirani yangu akaanza kucheza na thermos yake mkononi, akanivuta, "cheza binti, hii ni yako pia leo".

Nawaambia hii kwa sababu Januari nilipoenda makumbusho kubwa ya taifa pale Museum Hill nilikuwa mtu mwingine. Kuna michoro ya Joy Adamson, aliwachora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao ya asili, na kama ningeenda kabla ya Jamhuri ningepita tu nikipiga picha. Sasa nilipoziona zile shanga nikajua zinalia vipi mtu akiruka. Kwa hiyo kama umekuja kusoma, sherehe kwanza, makumbusho baadaye. Na beba kitambulisho, sisi wa Afrika Mashariki hatulipi kama wageni wa mbali. Mule ndani vaa viatu vya kutembea maana pakubwa kweli, kuna mifupa ya "kijana wa Turkana", binadamu wa kale sana aliyegunduliwa 1984, usimkose.

Kitu kimoja kiliniuma. Kabla ya yote hayo nilitoa shilingi 3,500 za Kenya kwa kampuni moja ya kutembeza wageni iliyoahidi "sanaa ya Nairobi siku nzima", wakatupeleka dukani kuuziwa vinyago vya watalii karibu nusu siku, nilipouliza nikaambiwa ndio programu. Kwa mwanafunzi hiyo ni hela ya chakula ya wiki. Huhitaji mtu wa kukutembeza, matatu zipo.

Sehemu nyingine ya sanaa niliyoenda iko mbali kidogo, Ridgeways, unashika gari za Kiambu Road, inaitwa Paa ya Paa. Nilipiga simu kwanza. Ilianzishwa 1965 na Elimo Njau, mchoraji, pamoja na wenzake, na hapa ndio nilibaki mdomo wazi, kumbe ni Mchagga wa Marangu! Nimesoma shule miaka yote Kilimanjaro hakuna aliyenitajia. Jina lenyewe lisikilize, paa yule mnyama, anapaa. Moto uliteketeza vitu vingi pale 1997 na bado wakaendelea, sanamu ziko nje kwenye miti, pametulia hadi unasikia ndege. Nilimpigia baba palepale nikamwambia niko kwa mtu wa nyumbani, akaniuliza wa ukoo gani.

Jumamosi nawapeleka wasichana wawili wa hostel, mmoja wa Kampala mmoja wa Bujumbura. Tunapatana Archives, saa nne, ndani.