Mifuko ya damu: bakodi au lebo ya redio?

Damu ikivushwa kutoka Unguja kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, Pemba, haina muda wa kupotezwa. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyomo mfukoni, basi. Kila mfuko lazima utambulike haraka, na njia ni mbili: bakodi au lebo ya redio.

Bakodi ni karatasi na wino, mistari inayosomwa kwa mwanga, na mfumo wa ISBT 128, utaratibu wa kimataifa wa kutia alama mifuko ya damu, unatumika nchi nyingi. Lakini kila mfuko lazima utolewe, ugeuzwe, umulikwe peke yake, na mlango wa friji uko wazi muda wote huo. Karatasi ikiloa, mistari haisomeki. Kwa joto letu hili, jambo hilo si dogo hata kidogo!

Lebo ya redio (RFID), kibandiko chenye chipu kinachosomwa kwa mawimbi ya redio, haihitaji kuonekana. Kisomaji hutambua mifuko mingi kwa pamoja ikiwa bado imo kashani, pamoja na kundi la damu na tarehe ya kuisha. Maji na chuma huvuruga mawimbi, ndiyo maana kwa damu hupendekezwa masafa ya megahezi 13.56. Na bei ni kubwa zaidi.

Mimi ningeweka redio kwenye makasha yanayokwenda Pemba kwanza. Bakodi ibaki kitandani kwa mgonjwa, ambako mfuko mmoja lazima ulinganishwe na mtu mmoja.