Uzoefu wangu na manowari za Traveller: nilipigwa na tanki

Traveller niliitafuta kwa ajili ya manowari za angani tu, hayo mengine sikuwa na shida nayo. Kwa wasioijua, ni gemu la kuigiza la Wamarekani, limetoka 1977, mnakaa na dadu na karatasi na mmoja wenu anakuwa refa, ndo anavyoitwa kabisa. Sisi tupo wanne, Jumamosi kwa mshkaji, tunatumia sheria za zamani ambazo mtu wako anaweza kufa hata gemu halijaanza, na kweli jamaa yetu luteni wake alifia kwenye dadu za kupanga miaka yake ya jeshini, akaanza upya kanuna.

Sasa jeshi la Imperium, dola kubwa la angani la kwenye gemu, linaitwa la majini na maji yenyewe hayapo, linalinda dunia kama 11,000. Meli iliyonichanganya ni Tigress, duara kama mpira, tani 500,000, tumboni ina ndege vita 300. Nikasema na hii nani atanigusa! Kumbe shughuli ipo kwenye mafuta: kutoka nyota hadi nyota meli inaruka, na kila namba ya mruko, yaani kila paseki, inakula asilimia 10 ya meli nzima, Tigress inaruka paseki 4, kama miaka nuru 13 hivi, kwahiyo tani 200,000 ni haidrojeni tupu. Na ukisharuka ni wiki nzima hujui kinachoendelea, hakuna redio inayokuwahi, habari zinapanda meli kama abiria.

Mimi kwa kubana bajeti meli zangu za mafuta nikazipa mruko 2. Nikawafuata Wazhodani, maadui wa Imperium, na Tigress mbili peke yake, nafika tanki kavu, sayari ya gesi ya kuchotea haidrojeni ipo moja na washaikalia. Refa anachezea kalamu tu. "Haya admirali, unaondoka?" Naondokaje sasa, mafuta yapo wiki mbili na ushee nyuma!

Baadae ndo nasoma kuwa 1981 huko Marekani kulikuwa na mashindano ya Traveller ya kuunda kundi la meli kwa kredit trilioni moja, pesa za gemu, mtafiti wa akili bandia Douglas Lenat akaja na meli zilizopangwa kwa msaada wa programu yake Eurisko, vimeli vingi vya kujikokota vyenye ngozi nene, akabeba ubingwa, 1982 sheria zikabadilishwa akabeba tena. Nikaangalia mipira yangu miwili nikanyamaza.

Kinachochosha ni hesabu, meli moja inamaliza jioni nzima na kikokotoo, halafu sifa zake zinaandikwa mstari wa namba na herufi utadhani vocha, nimezoea baada ya mwezi. Ila Traveller naipa nne kwa tano, sijawahi kucheza vita ambayo nimeshindwa bila kupigwa hata risasi moja na bado nikataka kurudi.

Jumamosi hii naenda na meli ya mafuta ya mruko 4. Imebidi niuze Tigress moja, refa hajui bado.