Mizigo ilifika salama, mama yangu akafika kwa miguu

Nina hasira tangu tuhame, na baba watoto kila siku ananiambia niache, yameshapita. Hayajapita. Kuna watu hapa Dar es Salaam wanafanya kazi ya kuhamisha familia, jina lao silitaji, wanajitangaza mtandaoni kwa picha za vijana waliovaa fulana za rangi moja, wamebeba kochi huku wanacheka. Hao ndio waliotutoa Sinza wakatupeleka Mbezi Makabe. Vyombo vilifika vyote. Haikuvunjika hata glasi moja. Na bado nawaambia ndugu zangu, msiwachukue. Au wachukueni, lakini nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Sinza mkataba ulikuwa unaisha, mwenye nyumba anataka miezi sita mingine kwa mkupuo na kodi ameshaipandisha. Huku Makabe tulikuwa tumepaua, grili zimeingia, vioo bado, siling bodi bado, plasta imepigwa vyumba viwili tu. Anayejenga mji huu anaijua hesabu hiyo: kodi ya miezi sita ni madirisha. Tukasema tunahamia hivyo hivyo, madirishani tutaweka maturubai, mengine yatafanyika tukiwa ndani. Aliyefurahi kuliko sote ni mama yangu, ambaye tunakaa naye tangu baba afariki. Amepanga vyumba Tandale, akapanga Manzese, akaja kukaa nasi Sinza kwenye nyumba ya kupanga. Aliposikia kwamba safari hii hakuna mwenye nyumba wa kugonga mlango, alianza kufunga vitu vyake kabla hata hatujapata gari.

Siku zile za kufungasha, nyumba iligeuka gulio. Wifi yangu alikuja kusaidia, na ni mchapakazi kweli, lakini mkono wake hauchagui. Rimoti ya tivi tulikuja kuikuta kwenye ndoo ya unga. Viatu vya nyumba nzima aliviweka chini kabisa ya boksi lililotangulia kupakiwa, kwa hiyo baba watoto alihama amevaa kandambili za mtoto, visigino viko nje. Wanangu wawili wakubwa niliwapa kazi ya kuandika juu ya maboksi kilichomo ndani; wakaandika CHUMBA CHETU kwenye kila boksi, mpaka la masufuria. Mdogo alijifungia chooni na jogoo wa bibi yake kwa sababu amesikia jogoo atafungwa miguu.

Halafu kulikuwa na LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Uniti zilikuwa zimebaki nyingi, na uniti hazihami na mtu, zinabaki na mita. Baba watoto hakuwa tayari kumwachia mpangaji ajaye. Usiku wa mwisho akasimama na pasi mpaka majogoo, akanyoosha mashati, sare za shule, mapazia, taulo, hadi foronya. Asubuhi wifi akaja akazishindilia zote kwenye salfeti kwa goti. Walinuniana mpaka gari likafika, na gari lenyewe lilichelewa kufika.

Waliahidi asubuhi, wakaja saa nane mchana. Fulana za rangi moja hakuna. Dereva mmoja na vijana wanne, Canter ya zamani yenye bodi iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Nilitaka kuwarudisha pale pale, ila nitasema ukweli kama nilivyouona: yule dereva usukani anaujua. Njia ya kuingia kwetu Sinza ina mtaro wazi upande mmoja na meza ya mama wa chapati upande wa pili, na nyaya zimening'inia chini. Madereva wengi husimama barabarani, mizigo inabebwa kichwani. Huyu alikunja vioo vya pembeni, akatoa kichwa dirishani, akaingia kinyumenyume moja kwa moja mpaka kibarazani kwetu. Hakugusa ukuta, hakugusa meza ya chapati. Majirani walitoka kuangalia. Wakati ule ningeulizwa, ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Na kati ya wale vijana alikuwepo mmoja mrefu, mpole, aliyenigusa moyo. Wenzake walitaka kulilaza friji ili juu yake wapange magodoro. Akakataa. Akawaambia friji likilazwa, mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mirija ya gesi, na mwenye nyumba akifika akaliwasha papo hapo anaweza kuliua. Akalisimamisha nyuma ya kibini, akalifunga kamba, akaweka godoro katikati lisigongane na kabati la vyombo. Hata hivyo akaniambia, "Mama, mkifika msiliwashe leo, liacheni litulie mpaka kesho." Kitanda cha mninga alikifungua mwenyewe, nati na bolti akazitia kwenye soksi, soksi akaifungia kwenye ubao wa kichwani. Nani anafanya hivyo siku hizi kwa kitanda cha mtu?

Sasa nije kwa kinu.

Mama katika mizigo yote alikuwa anasimamia mmoja tu, kinu na mchi wake. Alipewa na mama yake Muheza siku anaolewa. Kisamvu kilichotukuza mimi na wadogo zangu kilitwangwa humo, na kila chumba alichopanga mjini hapa kile kinu kilikuwa nyuma ya mlango. Mdomo wake umepasuka kidogo na ameufunga kwa waya. Siku ile alikaa pembeni yake kibarazani, hamsumbui mtu, anasubiri kipandishwe. Dereva akapita, akakisukuma kwa mguu. Narudia, kwa mguu. Akasema, "Hili nalo gogo la nini? Kuni? Bibi, huko Makabe kuni zimejaa, tuachie nafasi." Wenzake wakacheka. Yule mrefu hakucheka. Alikuja akakiinua, akakizungushia blanketi, akakipakia karibu na friji. Mama akasema tu, "Ahsante baba." Mimi nilikuwa ndani nahesabu maboksi, nimesikia kila neno, na nilipotoka mama akanitazama jicho lile ambalo mtoto yeyote aliyelelewa analielewa. Nikanyamaza.

Tulitoka Sinza jua linapungua. Mama alipanda mbele na dereva, kapu la jogoo mapajani. Baba watoto na vijana wakakaa juu ya mizigo. Mimi na watoto tukafuata kwa bajaji, wifi alikuwa ametangulia kufagia. Foleni ya Ubungo, foleni ya Kimara, mnayajua, siwachoshi. Tukapita Stendi ya Magufuli, tukaiacha lami, tukaingia njia ya vumbi yenye makorongo. Chini ya mlima wa kwetu Canter ikasimama.

Nilidhani imekufa. Haikufa. Dereva aliteremka, akaegemea mlango, akasema mlima huu haukuwemo kwenye makubaliano, kwa hiyo iongezwe hamsini ndipo apande. Tulikubaliana 150,000 mpaka mlangoni. Nilimtumia bosi wao ramani ya nyumba, nikamwandikia kwamba kuna mlima, akajibu "hakuna shida dada, mpaka ndani". Ujumbe huo ninao mpaka leo. Nikamwonyesha dereva, akasema hiyo ni simu ya bosi, si ya kwake. Giza linaingia, friji liko juu, magodoro yako juu, mume yuko juu. Utafanya nini? Baba watoto alishuka na kandambili zake wakavutana mpaka 30,000. Nikalipa. Kama yangeishia hapo nisingeandika chochote, maana mjini hapa kuongezewa bei mzigo ukiwa tayari garini ni jambo ambalo wengi limewakuta.

Hela ilipoingia mfukoni, akafungua mlango wa kibini akamwambia mama yangu, "Bi mkubwa, teremka utembee, gari lipungue uzito."

Mama yangu hafiki kilo hamsini. Juu ya mizigo walikaa wanaume wanne wenye nguvu zao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa ashuke. Kulikuwa na friji, makochi, kitanda cha mninga, mbao za kabati, magunia ya wifi. Uzito aliouona yule dereva ni mwanamke mzee na jogoo wake. Mama akateremka. Nikakimbia, nikawashusha watoto ili apande bajaji. Akakataa. Akaifunga khanga vizuri kiunoni, akasema, "Nimeambiwa nitembee, natembea." Akaanza kupanda.

Tukapanda wote nyuma yake, mimi, watoto, baba watoto, na yule kijana mrefu aliyeruka kutoka juu bila kuambiwa na mtu akampokea kapu. Canter ikatupita katikati ya mlima kwa gia ya chini, haikuhangaika hata kidogo, ikatumwagia vumbi. Mwanangu wa pili akauliza, "Bibi amekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Kule juu walishusha kwa tochi za simu, na kwa kazi ya kushusha sina neno baya. Walipanga kila kitu chumbani na ukumbini, walikifunga kitanda, bolti hazikupungua. Maboksi ndiyo yalikuwa vita yetu wenyewe, yote yameandikwa CHUMBA CHETU, watoto wanayadai kwa haki, na mimi natafuta sufuria. Tukala chipsi mayai kwenye mifuko, tumekaa kwenye makochi yaliyotazama ukuta. Kijana mrefu akauliza, "Bibi, kinu kikae wapi?" Mama akamwonyesha: nyuma ya mlango wa jikoni. Jiko lenyewe bado halina mlango. Akakiweka hapo hapo mlango utakapokuja kukaa.

Halafu mama akaagiza wapewe chai. Wote. Na dereva akaingia ndani ya nyumba yetu, akakaa kwenye kochi, akanywa chai ya mama yangu vikombe viwili, akaongezea mkate, na kuondoka akaondoka bila neno la pole. Hapo ndipo hasira zilinipanda kuliko kule mlimani. Mama ananiambia, "Mwache, mwanangu, kachoka naye, ana watoto." Sisi sote tulikuwa tumechoka! Kila mtu ana watoto. Kuchoka kunakufanya ukosee kona au usahau kamba, hakukufanyi uchague ni nani wa kumteremsha.

Bosi wao nilimpigia kesho yake. Aliongea vizuri sana, dada pole, dada samahani, akanirudishia 30,000 kwa simu kabla hatujamaliza kuongea. Nikiri kwamba si wafanyabiashara wengi wangerudisha. Nikamwambia ahsante, lakini ninachotaka ni dereva aje, au apige, amwombe mama radhi kwa mdomo wake. Akasema dereva yuko safari ya mkoani. Nikapiga tena baadaye, bado yuko mkoani. Mkoa gani huo usio na mtandao wa simu?

Jirani yangu mpya naye ana ndugu anayehama, ameniuliza hawa watu vipi. Nilianza kumwambia hapana, nikajikuta namsifia kijana wa friji, nikamsifia hata dereva alivyorudi kinyumenyume pale Sinza, maana vyombo vyangu vyote vizima na friji linagandisha barafu. Kisha nikakumbuka ule mlango wa kibini ulivyofunguliwa, nikamwambia atafute wengine. Yeye anasema bei zao ni nzuri na atawachukua tu. Basi sawa. Amwombe bosi ampe yule kijana mrefu. Bei ikubaliwe na dereva mwenyewe, kwenye simu ya dereva, na mlima utajwe. Hela asitoe yote kabla kitanda hakijafungwa. Na kama anahama na mzazi wake, mzazi atangulie na gari lingine, asikae mbele na yule mtu.