Kingamwili GK1.5 na 53-6.7 kwa seli za panya: tathmini baada ya oda mbili, Mtwara

Kwa miezi minane sasa, maabara yetu ndogo hapa Mtwara inatumia kingamwili mbili za monokloni (protini za kinga zinazoshika shabaha moja tu, kila moja ikitoka kwenye ukoo mmoja wa seli uitwao kloni) kuchunguza seli za kinga za panya: GK1.5, inayoshika CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli hizo, na iliyounganishwa na rangi ing'aayo ya FITC, na 53-6.7, inayoshika protini nyingine, CD8, na yenye rangi ing'aayo ya PE. Ninawaandikia wenzangu wa mikoa ya kusini wanaokusudia kuziagiza, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni bora sana, ila safari ya kuja huku inaweza kuiharibu.

Kabla ya kulipa, someni jina la kloni, wala msiishie kwenye neno CD4. Kingamwili zinazotumika kliniki kupima CD4 za watu wanaoishi na VVU zimetengenezwa dhidi ya protini ya binadamu, nazo hazishiki ile ya panya. Sisi tulijaribu mabaki ya kitendanishi cha aina hiyo, tukapoteza siku nzima. Kloni hizi mbili zilitokana na panya wakubwa wa maabara waliochanjwa kwa seli za panya wadogo, kwa sababu mnyama hatengenezi kwa urahisi kingamwili dhidi ya protini zake mwenyewe.

Mzigo wa kwanza uliletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Nilipofungua boksi pale stendi, kichupa cha PE kilikuwa kimenata kwenye pakiti ya barafu, na kimiminika chake cha waridi kimekuwa jiwe. Muuzaji alishikilia kwamba kikiyeyuka kitafaa. Hakikufaa: PE ni protini, na kuganda huiharibu, hivyo seli za CD8 zikatoa mwanga hafifu mno hata zisitofautike na zile zisizo na CD8. Kwa oda ya pili, kwa muuzaji mwingine, tuliomba kadibodi nene iwekwe kati ya barafu na vichupa, na vichupa vifungwe visipigwe na mwanga. Vilifika vya baridi, bila kuganda, na tangu hapo vinakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8.

Matokeo yake yalinifurahisha kwa dhati. Tulisaga wengu taratibu juu ya chujio, tukaondoa seli nyekundu, kisha tukatanguliza kingamwili 2.4G2 ili kuziba vipokezi ambavyo vingenasa mikia ya kingamwili zetu. Kwenye saitometa, mashine inayopima mwanga wa seli moja moja, seli za CD4 na za CD8 zilijitenga makundi mawili yaliyo wazi, na chache mno zikabeba alama zote mbili, kama inavyotarajiwa kwa seli T (seli za kinga zenye CD4 au CD8) zilizokomaa. Pimeni dozi wenyewe kwa kuipunguza nusu kwa nusu. Kwetu mikrogramu 0.25 kwa seli milioni moja ilitosha, na kichupa kikadumu.

Angalizo moja ni kwa wanaotumia GK1.5 kuondoa seli za CD4 ndani ya panya: msizihesabu zilizobaki kwa GK1.5 wala kwa RM4-5, kloni nyingine ya CD4, kwa kuwa hugombea sehemu ileile ya protini na seli zilizokwisha kufunikwa huonekana kana kwamba hazipo. Agizeni RM4-4, ambayo hushika sehemu nyingine.